Bomba la Joto Uani Kwetu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nalisema mapema asije mtu akadhani anasimuliwa na mpole. Hasira hizo ndizo zilizonipatia kazi. Kampuni ya simu ilipokuja Kibiti, miaka ile kila kitu kilipofunguliwa, mitumba ruksa, redio za watu binafsi ruksa, simu za mfukoni ruksa, walikodi kipande cha uwanja nyuma ya nyumba yetu, wakasimamisha mnara na kujenga chumba cha matofali kisicho na dirisha hata moja. Siku ya tatu nikawakuta vibarua wao wanakojoa kwenye mihogo ya mama. Niliwatukana mpaka mkubwa wao akashuka kwenye gari kuja kunitazama. Akacheka, akaniuliza, "Dada, wewe una kazi?" Nikamwambia kazi yangu ni hiyo mihogo. Wiki iliyofuata nikakabidhiwa funguo za chumba.

Chumba chenyewe sikukipenda. Mlikuwa na makabati matatu ya chuma, marefu kunizidi, yamejaa vitaa vya kijani, na viyoyozi viwili ukutani vinaunguruma kutwa kucha. Nje, upande wa pili, kulikuwa na jenereta kubwa la dizeli, maana umeme wa kutegemea hatukuwa nao. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kutazama kipimajoto, na kuwapigia Dar es Salaam taa nyekundu ikiwaka. Nje watu wanavuja jasho, mle ndani meno yanagongana. Mama yangu alikataa kabisa kukanyaga mlango wake. Alikuwa mkunga, watoto wa nusu ya mtaa ule walipita mikononi mwake, na maisha yake yote alikuwa na adui mmoja tu: baridi. Alisema baridi isiyoletwa na mvua wala upepo si baridi ya heri. Nilimcheka sana.

Fundi wa mnara alikuwa mtu wa makamo, ana kitambi na subira. Siku moja aliniambia niweke kiganja nyuma ya kabati. Nilikiondoa upesi. Moto!

"Umeona, dada?" akasema. "Tunachoma dizeli, inageuka joto humu ndani. Halafu tunachoma dizeli nyingine kulifukuza. Ujinga mtupu."

Akatoboa ukuta mara mbili. Chini, upande wa jenereta, akaweka tundu lenye wavu na feni ya kuvuta hewa ya nje. Juu, upande wa nyumba yetu, akaweka tundu jingine lenye feni ya kusukuma hewa moto itoke, na bomba la bati pana kama ndoo. Viyoyozi vikabaki vya kuamka vyenyewe joto likizidi. Masika yalipoingia na hewa ikapoa, vililala siku nyingi mfululizo, na lori la dizeli likawa linakuja mara moja moja. Wakubwa walifurahi mno. Moshi wa jenereta haukuwa na neno, kwa sababu bomba lake la moshi lilikuwa refu, limepanda mpaka juu ya paa.

Kabla hajaondoka alinishika mkono akanielekeza tundu la chini. "Hii ndiyo pua ya chumba. Kinachoingia hapa kinapita kwenye mitambo na kutokea kule juu. Usiweke kitu chochote karibu nayo, dada." Nikasema nimesikia. Nilisikia kweli, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa, mimi nimelelewa na watu wasiotupa kitu. Kukaa uani na kuona joto lote lile linamwagwa bure kwenye mvua, roho ilikuwa inaniuma. Nilianza na kanga za mama. Kisha uduvi. Kisha shangazi yangu akaleta mpunga wake kutoka Mohoro, umenyeshewa, umeshaanza kunuka, nikautandaza kwenye mkeka chini ya mdomo wa bomba, siku mbili tu ukawa unalia unapoushika. Watu wakaanza kuja na magunia yao. Nikajiona mtu! Nilikuwa natembea pale uani kama mwenye kiwanda.

Masika hayo hayo mdogo wangu akaja kutoka Kiongoroni, kule delta, alikoolewa na mkata mikoko. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka. Ya tatu hii mumewe akasema hapana, akajifungulie kwa mama yake. Akapakiwa mashua, kisha lori, akafika amevimba miguu, na siku ya tano, asubuhi ya mvua, akajifungua mimba ikiwa ya miezi saba tu. Mtoto wa kiume. Kila kitu anacho, vidole, kucha, nyusi, lakini vyote ni vidogo, na ngozi nyembamba hata mishipa unaiona. Sauti ya kulia hana. Kama kifaranga.

Muuguzi wa zahanati alikuja akamtazama, akasema huyu ni njiti, na njiti hataki kitu zaidi ya joto, saa zote, bila kukatika. Mashine ya kumlaza iko Dar es Salaam. Barabara ya Dar es Salaam masika yale mnaijua wenye umri wangu: malori yalikuwa yamezama kwenye tope foleni nzima, abiria wanapika njiani. Kwa hiyo joto tulitafute wenyewe.

Tulifanya kila kitu. Mdogo wangu alimfunga kifuani ngozi kwa ngozi. Mama akawa anabadilisha chupa za maji ya moto. Tukakoka moto wa kuni mbichi, moshi ukajaa, mtoto akakohoa mpaka tukaumwaga nje. Siku ya tatu nikaishika miguu yake. Ilikuwa baridi, na kucha zimeingia rangi ya buluu.

Mdogo wangu akanitazama. Hakulia. Akasema, "Dada, huyu akienda, na mimi usinitafute."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Nikatoka uani, nikasimama kwenye mvua, na joto la bomba likawa linanipiga usoni.

Mabati yaliyobaki tulipoezeka jiko yalikuwepo. Jirani mmoja alikuwa anakunja mabati ya kutengenezea ndoo. Nikamkalia kichwani mpaka akaacha kazi zake, na kabla ya adhuhuri bomba lilikuwa limeongezwa hatua tano, likapita juu ya uchaga wa vyombo, likaingia ukuta wa udongo wa chumba cha uani alimolala mdogo wangu. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Pumzi ya mashine hiyo unamletea mjukuu wangu."

"Mama, ni hewa tu. Imepita penye moto."

"Na huko ilikopita imekutana na nini?"

"Mama!" Nilimkaripia mama yangu, astaghfirullah. "Unataka joto au hutaki?"

Ilipofika alasiri chumba kilikuwa kikavu na vuguvugu, hata udongo wa ukuta ulibadilika rangi. Mama akaingia, akashika miguu ya mtoto, akaishika tena. "Haya," akasema. "Lakini palipobaki naziba mimi."

Na kuziba alijua. Mzazi kwetu anakaa ndani siku arobaini, na upepo haumgusi. Mama akachukua matambara, makumbi ya nazi, magunia yaliyochakaa, akaziba kila mwanya kati ya ukuta na paa, akaziba dirisha, akaziba hata tundu la panya. Ukabaki uwazi chini ya mlango tu, na hewa ya bomba ikawa inatokea hapo. Ukipita nje unasikia joto kwenye vifundo vya miguu.

Mtoto akashika uhai. Siku ya kumi alinyonya mwenyewe. Siku ya ishirini alikuwa na mashavu, mashavu kweli, si ya kusingizia. Mtaa mzima wakawa wanamwita mtoto wa mnara, wakipita wanauliza mtoto wa mnara anaendeleaje. Mdogo wangu akaanza kucheka, akaanza kunitania, ati dada hakuzaa lakini amepata mimba ya bati. Mumewe akatuma salamu kwamba siku ya arobaini atakuja na mbuzi. Tukawa tunahesabu siku.

Fundi alikuwa akipiga simu kila wiki kuuliza hali ya mitambo. Nilimwambia salama. Sikumwambia bomba limeongezwa. Ningemwambia angesema toa, na mimi nilishaamua kwamba hakuna atakayetoa. Kuna nyakati nilikuwa nikisimama mle chumbani mwa mitambo, feni zinavuma, nikasikia baridi ya mgongo isiyo ya kiyoyozi. Nilijiambia ni woga wa kufukuzwa kazi.

Siku ya thelathini na moja, Jumatatu, jenereta kubwa likaharibika. Spea ilikuwa lazima itoke mjini. Kwa kuwa viyoyozi vililala na mitambo peke yake haikula umeme mwingi, fundi akasema jenereta dogo la petroli litatosha kwa siku chache, akalituma kwa gari lililojitahidi kupita. Dereva akalishusha katikati ya uwanja, akaliunganisha, akaniachia madumu ya petroli, akageuza gari kabla tope halijamzidi. Mvua ikaanza. Jenereta lile halikuwa na kibanda. Maji yakiliingia litazima. Likizima, feni zitazima. Feni zikizima, chumba cha mtoto kitapoa. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Nikalisukuma chini ya paa la chumba cha mitambo, nikaliegemeza ukutani, mahali pakavu kuliko pote. Bomba lake la moshi lilikuwa fupi, linafika magotini. Nililisukuma mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia, kwa hiyo hakuna wa kugawana naye.

Jumanne mdogo wangu akaamka na kichwa. Akatapika chai. Mama akamshika paji la uso, akamtazama macho, akasema maneno ambayo kila mkunga wa Rufiji angeyasema: upepo umemwingia. Akazunguka chumba na matambara mapya, akatafuta mwanya alioukosa. Akafukiza ubani, chumba kikajaa harufu yake, na harufu nyingine yoyote ikafia humo.

Jumatano kichwa kikazidi. Mtoto alilala sana. "Amekuwa mpole leo," mdogo wangu akasema kwa sauti ya kichovu. Nilikaa naye saa nzima nikimchana nywele, na mimi kichwa kikaanza kunigonga. Nilipotoka nje kikapoa. Wallahi kilipoa palepale, mvua ikinipiga, na sikujiuliza! Nikasema ubani wa mama umezidi. Nikarudi ndani kumtazama mtoto, nikaona midomo yake imekuwa myekundu, na ya mama yake pia, kama watu waliotafuna tambuu. Nikafurahi. Nikamwita mama aje aone damu inavyorudi.

Alhamisi alfajiri mama akaitwa ng'ambo ya barabara kuna mwanamke ana uchungu. Kabla ya kuondoka alimwambia mdogo wangu, mimi nikisikia, "Upepo unapita chini ya mlango. Nikitoka, sukuma gunia hapo, na usimfungulie mtu." Mdogo wangu akaitikia. Mimi nikaenda zahanati kumtafutia dawa ya kichwa. Pale foleni ilikuwa ndefu, na nilipewa vidonge vinne kwenye kikaratasi.

Nilirudi kwa kupitia chumba cha mitambo, maana kazi ni kazi. Nikafungua mlango, joto likanipiga kifua. Taa nyekundu inawaka. Viyoyozi vyote viwili vinahangaika, siku ya mvua! Nikaweka mkono kwenye feni ya juu: inazunguka, lakini hewa haiendi popote. Nikajua mara moja wameziba chini ya mlango. Na hapo hasira zikanipanda. Nilivuka uani nikisema peke yangu, watanifukuzisha kazi hawa, mama na matambara yake, nitalitupa gunia hilo barabarani.

Nikagonga. Nikaita. Nikagonga kwa ngumi na kumtukana mdogo wangu tusi la utotoni ambalo siku zote humfanya anijibu. Kimya. Nikasukuma, gunia likazuia. Nikaupiga mlango bega mara tatu, bawaba ya chini ikang'oka.

Alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto kifuani, wote wana rangi nzuri kuliko siku zote. Nilimtikisa, kichwa kikaanguka upande. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimchukua mtoto kwanza nikamweka kwenye mkeka uliokuwa barazani, nikarudi nikamburuta mama yake kwa makwapa mpaka uani, kwenye tope, kwenye mvua. Nilirudi ndani nikang'oa matambara, makumbi, kila kitu, nikalipiga lile bomba kwa mchi mpaka likachomoka ukutani. Upepo ukaingia chumbani na mvua yake.

Mdogo wangu alikohoa. Akatapika. Akafungua macho asijue yuko wapi. Mtoto nilimpulizia mdomoni, nikamsugua mgongo, nikamwita kwa jina lake, jina ambalo silitaji hapa. Alikuwa bado ana joto. Joto tulilomtafutia kwa siku thelathini na nne, alikuwa nalo lote.

Mama akatokea akikimbia, mikono bado ina damu ya uzazi wa watu wengine. Hebu fikirini alichokiona: mlango umevunjwa, matambara yametapakaa, mzazi wa ndani ya arobaini amelazwa kwenye mvua, na mimi nimeshika mtoto asiyepumua. Alijishika kichwa. "Umefanya nini? Mwanangu, umewafungulia upepo?"

Nilitaka kujibu. Nikageuka, na ndipo nilipoliona jenereta dogo. Lilikuwa linaunguruma vizuri tu pale nilipoliegemeza. Moshi wake mwembamba ulitoka kwenye lile bomba fupi, ukajikunja ukutani, na wavu wa tundu la chini ukawa unauvuta, unaumeza wote. Kutoka pale niliweza kuufuata kwa macho njia nzima mpaka chumbani kwa mdogo wangu.

Mtoto alizikwa baada ya alasiri ya siku hiyo hiyo. Kaburi lilikuwa dogo na lilijaa maji wakati wanalichimba.

Fundi alifika Jumamosi. Alizunguka chumba, akalitazama jenereta, akalitazama bomba lililolala uani limebonyea, akautazama ukuta wetu wenye tundu. Hakuna aliyemweleza kitu. Akakaa juu ya dumu, akavua kofia. Akaniambia, taratibu, kwamba moshi wa petroli una sumu isiyo na rangi wala harufu, kwamba midomo kuwa myekundu ndiyo alama yake, na kwamba anayeivuta hulala tu. "Ukiziba ndiyo unamaliza, dada," akasema. Kisha akauliza, "Nani anajua?"

"Wewe na mimi."

Aliinama. Alifungua nati za bomba aliloliweka mwenyewe akalielekeza upande wa barabara, akalipeleka jenereta mbali, akaondoka. Kazi sikufukuzwa. Baada ya miezi miwili niliiacha mwenyewe, kwa sababu kila nikiingia mle na kusikia ile feni ya chini inavuta, pumzi ilikuwa inanikatika.

Mtaani ilijulikana kwamba mtoto wa mnara aliuawa na upepo. Dada mtu, na hasira zake, alivunja mlango. Mama alilisema hilo msibani kwa uchungu, si kwa ubaya, na wanawake wenzake wakatikisa vichwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikasikiliza. Lawama ile haikuwa yangu, lakini yangu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo, nikaona afadhali nijifunike hiyo ndogo. Nilikuwa mwoga. Sina neno jingine la kuliweka. Mdogo wangu akarudi Kiongoroni bila kuniaga, na miaka saba hakukanyaga kwetu.

Alikuja pale mama alipougua. Alikuwa ameshazaa tena, watoto watatu, wazima, wenye kelele. Tulimuuguza mama pamoja tukizungumza mambo ya chumvi na maji. Siku moja tulikuwa jikoni tunachagua mchele, yeye na ungo wake, mimi na wangu. Akasema bila kuinua macho, "Dada, ule mlango nimekusamehe. Zamani nilidhani siwezi. Ulikuja na haraka zako, ndivyo ulivyoumbwa."

Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijakosa neno la kumjibu mtu. Maneno yalikuwepo, yamepangana mdomoni: bomba, jenereta, mvua, mahali pakavu. Nilimtazama mikono yake inavyotoa mawe. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo wa njia ndefu.

"Asante, mdogo wangu," nikasema, na nikaendelea kuchagua mchele.